Tembe imeshusha homa, lakini je, umepona?

Msomaji, bila shaka umewahi kulala na homa kali. Umejifunika blanketi mbili, meno yanagongana, unaomba dirisha lifungwe kwa sababu ya baridi. Lakini anayekugusa kwenye paji la uso anashtuka, kwa maana mwili unachoma kama jiko. Unameza tembe mbili. Baada ya saa moja hivi jasho linaanza kukutoka, blanketi unaitupa kando, na unaomba uji. Asubuhi unakwenda kazini ukiwaambia wenzako kwamba umepona.

Je, umepona kweli? Ama kuna jambo lililonyamazishwa tu ndani ya ubongo wako?

Swali hili si la mzaha. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kijana mmoja, fundi wa magari hapa Nairobi. Alikuwa amekwenda kwao Nyanza kuhudhuria mazishi, na siku kumi hivi baada ya kurudi akashikwa na homa na maumivu ya kichwa. Kwa siku nne alikuwa akinunua tembe za kutuliza maumivu katika kioski kilicho karibu na gereji. Kila alipozimeza homa ilishuka, naye akarudi chini ya gari kuendelea na kazi. Siku ya tano hakuweza kuinuka kitandani. Wenzake walimleta akipayuka maneno yasiyoeleweka, na macho yake yalikuwa ya manjano. Alipopimwa damu, ilionekana kwamba ana malaria kali.

Kijana huyo hakuwa mjinga. Alifanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba homa ndiyo ugonjwa, na kwamba ikishuka basi ugonjwa nao umekwisha. Ili uelewe ni kwa nini dhana hiyo ni ya hatari, hebu tuingie kidogo ndani ya ubongo tuone homa hutoka wapi.

NEVA HUZUNGUMZAJE?

Ubongo wa binadamu una mabilioni ya seli za neva. Ingawa seli hizi hufanya kazi pamoja, nyingi hazigusani. Kati ya ncha ya neva moja na neva inayofuata kuna pengo dogo sana, lisiloweza kuonekana kwa macho. Ujumbe unapofika kwenye ncha hiyo, neva humwaga kemikali kidogo ndani ya pengo. Kemikali hiyo huvuka hadi upande wa pili na kushikwa na vipokezi, ambavyo ni kama vitasa vilivyo kwenye ukuta wa seli. Ufunguo ukiingia katika kitasa chake, neva ya pili hupata habari.

Kemikali hizi ndizo wajumbe wa neva. Mjumbe anayeitwa glutameti huamsha neva nyingine. Yule anayeitwa gaba huzituliza. Noradrenalini huufanya mwili kuwa macho na tayari kwa lolote. Kuna wengine wengi.

Sasa jiulize: ni nani anayeamua mjumbe amwagwe kwa wingi au kidogo? Ikiwa kila ujumbe ungepitishwa kwa nguvu ile ile kila wakati, ubongo haungeweza kubadilika kulingana na hali. Usingejua kwamba sasa mwili ni mgonjwa na unahitaji kupumzika, au kwamba kidole kimeungua na kinafaa kulindwa.

Jibu ni kwamba neva inayomwaga mjumbe nayo ina vipokezi vyake. Kazi ya vipokezi hivyo ni kusikiliza hali ya mahali hapo na kuiambia neva iongeze au ipunguze. Miongoni mwa kemikali zinazozungumza na vipokezi hivyo ni zile zinazoitwa prostaglandini.

MTU MMOJA, UGUNDUZI MARA MBILI

Jina prostaglandini lilitolewa mwaka wa 1935 na mtaalamu wa Sweden, Ulf von Euler. Alizipata katika shahawa, akadhani kwamba zinatengenezwa na tezi dume, na jina hilo likashika. Leo tunajua kwamba karibu kila seli ya mwili, ya mwanamume na ya mwanamke, inaweza kuzitengeneza. Hazikai ghalani. Hutengenezwa zinapohitajika, kutokana na mafuta yaliyomo katika utando wa seli. Nyingi hufanya kazi karibu na pale zilipotengenezwa, kisha huharibika upesi.

Jambo la kuvutia ni kwamba von Euler huyo huyo ndiye aliyeonyesha, mwaka wa 1946, kwamba noradrenalini ni mjumbe wa neva. Kwa kazi yake kuhusu wajumbe hao alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 1970. Wakati huo huo, mwenzake wa Sweden, Per Hedqvist, alikuwa akionyesha kwamba vitu hivi viwili vina uhusiano. Aligundua kwamba prostaglandini za kundi la E hupunguza kiasi cha noradrenalini kinachomwagwa na ncha za neva zinazohudumia viungo kama vile wengu. Baadaye watafiti waliona jambo kama hilo katika ubongo wenyewe.

Usichanganye mambo hapa. Prostaglandini haipeleki ujumbe badala ya noradrenalini. Hufanya kazi ya kurekebisha, kama mtu anayepandisha au kushusha sauti ya redio huku mtangazaji akiendelea kusema.

ASKARI MMOJA, MIKONO MIWILI

Prostaglandini inayohusika zaidi na homa na maumivu huitwa prostaglandini E2. Ina vipokezi vya aina nne, ambavyo wataalamu wamevipa majina EP1, EP2, EP3 na EP4. Muundo wa vipokezi vingi vya prostaglandini ulifahamika katika miaka ya 1990, na sifa kubwa ni ya Shuh Narumiya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani.

Kwa nini kemikali moja iwe na vipokezi vinne? Mfikirie askari wa trafiki katika mzunguko wa barabara jioni watu wanapotoka kazini. Askari ni yule yule na sare ni ile ile. Lakini mkono wake mmoja unasimamisha magari ya upande huu, na mwingine unayaruhusu ya upande ule. Kinachotokea kwako kinategemea uko upande gani.

Prostaglandini E2 ni hivyo hivyo. Ikikutana na kipokezi EP3 kwenye neva, kwa kawaida neva hiyo hutulia na kupunguza kumwaga mjumbe wake. Ikikutana na EP2 au EP4, seli huchangamka, na neva inaweza kumwaga mjumbe zaidi. Kwa hiyo kemikali hiyo moja yaweza kuzima sehemu moja ya ubongo na kuamsha nyingine kwa wakati mmoja.

JINSI HOMA INAVYOTENGENEZWA

Sasa turudi kwa fundi wetu. Vijidudu vya malaria huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zinapopasuka, takataka za vijidudu humwagika katika damu. Chembe nyeupe, ambazo ndizo walinzi wa mwili, hupiga kamsa kwa kutoa kemikali za tahadhari. Kemikali hizo husafirishwa na damu hadi katika mishipa ya ubongo. Hapo seli zinazoizunguka mishipa kwa ndani huanza kutengeneza prostaglandini E2.

Prostaglandini hiyo hupenya hadi katika sehemu ya chini ya ubongo inayoitwa haipothalamasi. Sehemu hii haifikii ukubwa wa kidole gumba, lakini ndiyo inayosimamia joto la mwili. Mtu akiwa mzima, kuna neva hapo ambazo zimekanyaga breki. Zinamwaga gaba, yule mjumbe wa kutuliza, ili vituo vinavyouamuru mwili utengeneze joto vibaki kimya. Neva hizo zimejaa vipokezi vya EP3.

Prostaglandini E2 ikishika vipokezi hivyo, neva za breki hulegea. Gaba hupungua. Vituo vya joto, vikiwa sasa havina wa kuvizuia, hutoa amri tatu. Mishipa ya damu ya ngozi hujibana ili joto lisitoke. Misuli huanza kutetemeka ili joto lizalishwe. Moyo nao hupiga mbio.

Hii ndiyo sababu unasikia baridi ilhali unachomeka. Ubongo umeamua kwamba joto linalofaa si nyuzi 37 tena, bali 39 au zaidi. Kwa kuwa mwili bado haujafika huko, ubongo unaona una baridi, nawe unaomba blanketi.

Mwaka wa 1998 watafiti wa Japani walitoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Walitumia panya waliozaliwa bila kipokezi EP3. Panya hao walipodungwa sumu ya bakteria hawakupata homa, ilhali wenzao wa kawaida waliipata. Liweke jambo hilo moyoni, msomaji. Sumu iliingia mwilini, lakini homa haikuonekana. Kukosekana kwa homa hakukuwa na maana kwamba mwili uko salama.

MAUMIVU NA USINGIZI

Homa si kazi pekee ya prostaglandini. Ukijikata au jino likioza, seli zilizoumia hutengeneza prostaglandini E2 mahali pale. Neva za maumivu huwa nyepesi kushtuka. Katika uti wa mgongo, ambako neva hizo hukabidhi ujumbe wao kwa neva zinazopanda ubongoni, prostaglandini huzifanya zimwage glutameti na wajumbe wengine kwa wingi zaidi. Ndiyo maana jino bovu huuma hata kwa maji ya baridi, na kidonda huuma hata kikiguswa na shati.

Prostaglandini nyingine, iitwayo D2, huhusika na usingizi. Mtaalamu wa Japani, Osamu Hayaishi, na wenzake walilionyesha jambo hilo katika miaka ya 1980. D2 hushika vipokezi vilivyo katika ngozi nyembamba inayoufunika ubongo. Hapo kemikali nyingine, adenosini, huongezeka na kuziamsha neva zinazoleta usingizi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika. Mwaka wa 1990 watafiti walieleza kwamba prostaglandini D2 ilikuwa imepanda sana katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale waliozidiwa. Malale ni ule ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao wazee wa Bonde la Lambwe, karibu na Ziwa Victoria, wanaukumbuka vizuri. Nashukuru kwamba mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya.

TEMBE HUFANYA NINI?

Watu walimeza aspirini kwa zaidi ya miaka 70 bila kujua inavyofanya kazi. Ni mwaka wa 1971 ambapo John Vane, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Yeye, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa njia hiyo pia. Parasetamoli nayo hupunguza prostaglandini, hasa katika ubongo.

Kwa hiyo unapomeza tembe, prostaglandini E2 hupungua ubongoni. Vipokezi vya EP3 hubaki bila wa kuvishika. Neva za breki hukanyaga tena, gaba humwagwa, na ubongo hurudi kwenye nyuzi 37. Sasa unajiona una joto kupita kiasi, na jasho linakutoka.

Lakini tazama ni nini ambacho hakikuguswa. Vijidudu vya malaria vingali katika damu, vikizaana. Bakteria wa nimonia wangali katika mapafu. Tembe imemnyamazisha mpiga kamsa, lakini mwizi yungali nyumbani. Malaria ya hapa kwetu, ambayo nyingi husababishwa na kijidudu kiitwacho falsiparamu, yaweza kuua mtu kwa siku chache tu tangu homa ianze.

KUNA NA MADHARA MENGINE

Prostaglandini hazipo ubongoni pekee. Tumboni hulinda utando usichomwe na asidi. Katika figo husaidia damu kupita vizuri. Dawa inayozizuia kichwani huzizuia na huko pia. Ndiyo sababu anayemeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki mfululizo aweza kupata vidonda vya tumbo, kutapika damu au kuharibu figo. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asizitumie bila kumwuliza daktari.

Hali kadhalika, mama mjamzito asimeze ibuprofeni au diklofenaki bila ushauri wa daktari, hasa baada ya wiki ya 20. Mtoto aliye tumboni huzihitaji prostaglandini kwa ajili ya figo zake na mshipa mmoja mkubwa ulio karibu na moyo.

Aspirini isipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 kwa ajili ya homa. Kwa watoto wachache huleta maradhi ya ubongo na ini yanayoitwa Reye. Soma maandishi ya pakiti, kwa kuwa baadhi ya tembe zinazouzwa vioskini zina aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja. Aidha, kwa wakazi wa Pwani, kumbukeni kwamba homa yaweza kuwa ya dengi, kama ilivyozuka Mombasa mwaka wa 2013. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Hata hivyo parasetamoli nayo si peremende. Mtu mzima asipitishe tembe nane za miligramu 500 kwa siku, yaani saa 24, na apitishe angalau saa nne kati ya dozi moja na nyingine. Ukizidisha, ini huharibika, na unaweza kujiona mzima kwa siku nzima kabla madhara hayajajitokeza. Mtoto hupimiwa kulingana na uzani wake, si kwa kukisia.

SASA NIFANYE NINI?

Sisemi uvumilie maumivu wala uache kushusha homa ya mtoto anayelia usiku. Tembe zina manufaa yake. Ninachosema ni kwamba uzitumie ukijua mipaka yake. Zingatia haya:

Kwanza, ukipata homa, pimwa malaria siku hiyo hiyo au kesho yake, hasa ikiwa umesafiri hivi karibuni kwenda maeneo ya Ziwa, Magharibi au Pwani. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu la kidoleni na majibu hutoka kwa muda wa nusu saa hivi. Mweleze mhudumu kwamba ulisafiri, hata asipouliza.

Pili, usimeze dawa ya malaria kwa kukisia. Ikiwa huna malaria, homa hiyo ina chanzo kingine kinachofaa kutafutwa.

Tatu, ikiwa umepimwa na kupewa dawa ya malaria, imalize yote hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Nne, mkimbize mgonjwa hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi: kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, degedege, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, macho ya manjano, kuchanganyikiwa au kulala bila kuamshika. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe bila kungoja dalili nyingine yoyote.

Tano, usipime ugonjwa kwa homa pekee. Muulize mgonjwa lini alimeza tembe ya mwisho. Homa iliyoshuka saa mbili baada ya tembe haikuelezi lolote. Itazame tena nguvu ya dawa ikiisha.

Yule fundi alilazwa, akatundikiwa dawa ya malaria ya mshipani, na siku ya tatu akaanza kumtambua dadake. Alipopata nafuu nilimweleza haya niliyokueleza wewe, ingawa kwa maneno machache. Akanisikiliza, kisha akasema kwamba katika kazi yake wako wateja wa namna hiyo. Taa nyekundu ya oili inawaka kwenye dashibodi, naye mteja anamwambia fundi aichomoe balbu kwa sababu inamsumbua macho.

"Na huwa unaichomoa?" nikamwuliza.

"La, daktari," akajibu. "Huwa nafungua boneti."

Nawe, msomaji, ukishikwa na homa, meza tembe yako ukitaka. Kisha nenda ukapimwe.